MSIING'OE MIFENESI YETU KABLA HAIJAZAA

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Kila mwaka kurasa za jarida hili hujaa makala kuhusu mihadarati, mapenzi ya shuleni na umuhimu wa kusoma kwa bidii. Mambo hayo ni ya kweli, lakini yamesemwa mpaka yamechujuka kama chai ya jikoni siku ya kufunga shule. Mniwie radhi basi. Mwaka huu mimi nimeshika kalamu ili niitetee miti mitano.

Miti yenyewe mnaijua. Iko nyuma ya jikoni, kati ya ghala la kuni na ua wa michongoma, na wengi wenu huipita mkienda kuosha sahani bila hata kuitupia jicho. Ni mifenesi. Chama chetu cha Kiswahili kiliiotesha kwa mbegu mwaka 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili. Sasa kuna fununu, na hapa shuleni fununu haikosi mwenyewe, kwamba likizo ya Agosti ikifika sehemu ile yote itasafishwa na kupandwa miparachichi aina ya Hass. Hiyo itakuwa miche ya kupandikizwa, yaani ile ambayo kikonyo cha mti unaojulikana huungwa juu ya shina la mche mwingine. Sababu zinazotolewa ni nzuri: parachichi lina soko, mti wa kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na pesa zitakazopatikana zitawafaa wenzetu ambao karo huwapiga chenga kila muhula. Nani atapinga jambo kama hilo? Mimi silipingi katu. Ninachopinga ni ile sentensi inayolitangulia, ambayo nimeisikia kwa masikio yangu kwenye foleni ya githeri na hata kwa wakubwa: "Hiyo mifenesi ni ya mbegu tu, ni ya kubahatisha, ing'olewe."

Ati ya mbegu tu! Nimelifikiria neno hilo muhula mzima, hata wakati wa prepu nilipopaswa kufikiria hesabu za matriksi, na kila nikiligeuza naona halina msingi. Maoni yangu ni haya: mti ulioota kwa mbegu haujulikani thamani yake mpaka uzae, na anayeung'oa kabla ya hapo hajui ametupa nini.

Kwa wale waliojiunga nasi baadaye, wacha niwaeleze ilivyokuwa. Muhula wa kwanza wa 2024 chama chetu kilifanya ziara ya Mombasa. Tuliiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tukatembea Mji wa Kale tukisikiliza Kimvita kikizungumzwa na wenyewe, na siku ya kurudi mlezi wetu akatupitisha soko la Kongowea. Huko tukanunua fenesi moja lililobebwa na wavulana wawili kwa gunia. Huku kwetu Magharibi fenesi si mgeni kabisa. Ukienda Busia utayaona yakivuka mpaka kutoka Uganda, ambako jirani zetu huliita ffene. Hata hivyo, wengi wetu hatukuwa tumewahi kulipasua wenyewe. Muuzaji, mama mmoja wa makamo mwenye maneno matamu, alitupaka mafuta ya kupikia viganjani na kwenye kisu kabla ya kutukabidhi tunda, kwa sababu utomvu wa fenesi ukikushika utamaliza sabuni bure. Kulikuwa na wajuaji waliokataa kupakwa mafuta. Wajuaji hao walifika Mtito Andei vidole vikiwa bado vimegandana, hata chupa ya maji hawawezi kuifungua.

Na ile harufu, jamani! Dereva alifungua madirisha yote ya basi. Wengine walisema inanukia kama ndizi na nanasi zilizoiva kupita kiasi. Wengine sitarudia walichosema, kwani jarida hili husomwa na Mwalimu Mkuu. Lakini nyama yake ya manjano ilipofika ulimini, kelele zote zilinyamaza.

Mlezi alitoa amri moja tu: kuleni, mbegu zirudi kwangu. Fenesi kubwa huwa na mbegu mia na zaidi, kila moja imevikwa nyama yake, kwa maana tunda lile kwa hakika ni maua mamia yaliyoungana yakawa kitu kimoja. Mbegu nyingi zilimfikia mpishi wetu, akazichemsha kwa chumvi, na waliozionja watakubaliana nami kwamba ladha yake iko mahali fulani kati ya kiazi na maharagwe. Ishirini zilibaki kwa ajili ya kupandwa.

Hapa naomba nitulie kidogo, kwa kuwa watu husema kupanda mbegu ni kazi ya watoto. Mbegu ya fenesi ina masharti yake. Mahindi unayaanika, unayaweka darini, unayapanda mwaka ujao. Mbegu ya fenesi ukiianika umeiua. Uhai wake hudumu kwa wiki chache tu, takriban mwezi mmoja, na hata hivyo ni lazima itunzwe na unyevu. Ndiyo maana huwezi kuikuta katika pakiti kwenye duka la pembejeo. Ili mfenesi uote, sharti mtu ale tunda kisha apande upesi. Sisi tulizisafirisha zetu zimefungwa kwa kitambaa kibichi kutoka Mombasa hadi hapa, tukaziosha ule utelezi wake, tukaziloweka usiku na mchana mmoja, tukazilaza ubavu katika udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe, kina cha upana wa vidole viwili.

Tulizipanda kwenye mitungi ya mafuta ya kula ya lita tano, iliyokatwa shingo na kutobolewa chini. Baadhi yenu mlicheka mkauliza kwa nini tusitumie pakiti za maziwa kama kila mtu. Sababu ni mzizi. Mzizi mkuu wa mfenesi huteremka kwa haraka sana, na ukivunjika au kujipinda wakati wa kuhamishwa, mche hudumaa au hufa kabisa. Pakiti ya maziwa ni fupi mno kwa mzizi kama huo. Afadhali zaidi ni kupanda mbegu palepale ambapo mti utaishi, lakini pale nyuma ya jikoni kuna panya wanaojua thamani ya mbegu kuliko sisi.

Tulingoja. Siku ya ishirini na nne ule wa kwanza ukapasua udongo. Kwa jumla iliota kumi na mitatu kati ya ishirini. Kisha zikaja mvua za Machi hadi Mei 2024, ambazo mnazikumbuka nyote. Mafuriko yaliitesa nchi hata ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Tuliporudi tulikuta mitungi minne imejaa maji hadi mdomoni, matundu yamezibwa na matope, miche imeoza. Mfenesi unapenda mvua lakini haupendi kusimama majini. Tisa iliyosalia tukaihamishia ardhini. Mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani. Mitatu ilikatwa na silaha ambayo kila mwanafunzi wa Kenya anaijua vizuri, nayo ni slasha. Nitairudia slasha baadaye, maana nina neno nayo.

Ikabaki mitano. Leo mrefu zaidi umenipita kimo.

Kuna jambo lililonishangaza katika malezi ya miti hii. Mche mmoja ulitoa majani yenye mikato mirefu pembeni, kama vidole, ilhali ndugu zake walitoa majani mazima ya mviringo. Tukadhani ni ugonjwa. Kumbe ndivyo mifenesi michanga inavyoweza kuwa, na mti ukikua majani yote huwa mazima. Hata jina lake la kitaalamu, Artocarpus heterophyllus, kipande chake cha pili kina maana ya majani yasiyofanana. Tunda moja, mama mmoja, na watoto tayari wameanza kutofautiana wakiwa na kimo cha rula.

Na kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, wacha niguse neno lenyewe. Asili ya mfenesi ni India, katika misitu ya milima ya Ghats ya Magharibi. Wamarathi wa huko huliita tunda hilo fanas. Sikilizeni jinsi fenesi lilivyo karibu nalo. Huhitaji kuambiwa lilivuka bahari gani kulifikia soko la Kongowea. Huko Asia fenesi lina heshima kubwa. Ni tunda la taifa la Bangladesh, na jimbo la Kerala nchini India lilitangaza rasmi mwaka 2018 kuwa fenesi ndilo tunda la jimbo. Wanaolibeza kwamba ni tunda la kigeni wasisahau kwamba embe nalo lilitoka Asia, na hilo parachichi wanaloliimba ni mzaliwa wa Meksiko na Amerika ya Kati.

Sasa tuifikie hoja ya wapinzani wangu, na sitaki kuidogosha. Mwalimu wetu wa Kilimo, ambaye namheshimu sana, alitufundisha ukweli usiopingika: maua ya mfenesi huchavushwa na ya mfenesi mwingine, kwa hiyo mbegu hubeba damu ya baba asiyejulikana. Unaweza kula tunda tamu kama asali, ukapanda mbegu yake, ukapata mti wa matunda yenye majimaji na nyuzinyuzi. Kule Kerala hutenganisha aina mbili kuu, varikka yenye nyama ngumu na koozha yenye nyama laini inayoteleza, na ukipanda mbegu ya varikka huna hakika ya kupata varikka. Isitoshe, mfenesi wa mbegu unaweza kukuweka miaka minne, mitano, hata minane kabla ya kuzaa. Mche wa kupandikizwa hukupa tunda unalolijua na hukupa mapema. Kwa mkulima anayetegemea shamba kulisha watoto, hakuna mjadala: apande miche ya kupandikizwa. Baba yangu angekuwa anapanda parachichi za kuuza, mimi mwenyewe ningemwambia asiguse kokwa.

Lakini hebu tuulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye foleni ya githeri. Hiyo Hass yenyewe ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye kokwa. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na mtu aliyeitwa Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta huko California, Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu barua. Alinunua shamba dogo mahali paitwapo La Habra Heights akapanda kokwa za parachichi. Hakuwa na haja na miti ya kokwa. Alitaka mashina tu, ili apandikize juu yake aina ya Fuerte, ambayo ndiyo iliyokuwa na jina sokoni wakati huo. Miti mingine ikakubali. Mmoja ukakataa, kila wakipandikiza, kikonyo kinakufa. Hass akawa karibu kuukata. Uliachwa, ukazaa, na matunda yake yakawa na ganda jeusi lenye vipele wakati wanunuzi walizoea ganda laini la kijani. Nyumbani kwake wakayapenda. Mwaka 1935 akausajili kwa jina lake. Mali nyingi hakupata. Aliendelea na kazi yake ya posta, akafariki mwaka 1952. Mti wenyewe uliishi hadi ukashikwa na ugonjwa wa kuoza mizizi, ukakatwa mwaka 2002.

Mche wa Hass hauanzi upya kwa mbegu. Kila mmoja, uwe Murang'a, Peru au Hispania, ni kikonyo cha kikonyo cha kikonyo kilichokatwa kutoka mti ule mmoja uliokataa kupandikizwa. Kwa hiyo mtu akishika mche wa Hass mkononi akaiangalia mifenesi yetu akasema "ni ya mbegu tu," mimi namwangalia nikashangaa. Ameshika mbegu iliyosubiriwa na mtu mwingine.

Mfano wa pili ni mfupi lakini ndio ulionigusa zaidi. Mwaka 1902, huko Florida, mwanajeshi mstaafu, Kapteni John Haden, alipanda mbegu za embe aina ya Mulgoba, ambayo asili yake ni India. Mwaka uliofuata akafariki. Mkewe akaitunza miti. Mwaka 1910 mmoja ukazaa maembe makubwa yenye wekundu uliowashangaza watu, yakapewa jina la Haden. Kutokana na mbegu ya Haden likaja embe liitwalo Tommy Atkins, ambalo wakulima wa Makueni na Machakos wanalijua vizuri. Kapteni yule hakuonja hata kipande kimoja.

Sisemi kwamba nyuma ya jikoni letu kuna Hass ya mafenesi. Nikisema hivyo mtanicheka, na mtakuwa na haki. Uwezekano mkubwa ni kwamba matunda yetu yatakuwa ya kawaida tu, na pengine miti miwili itazaa vitu ambavyo hata mbuzi wa jirani atavikataa. Mbegu nyingi duniani huwa hivyo. Lakini hata kwa mti wa namna hiyo, kuung'oa ni hasara. Mfenesi uliozaa vibaya unaweza kukatwa juu, ukapandikizwa kikonyo cha mti mzuri kwenye shina lake, na mizizi iliyokwisha kuzama miaka mitano ikamlisha mgeni. Ile elimu ya kupandikiza tunayofundishwa darasani inahitaji shina, na shina tunalo. Tukiing'oa tutarudi kwenye duka la miche kununua kitu ambacho nusu yake tulikuwa nacho.

Halafu kuna hatari nyingine ninayotaka kuitaja mapema, ili siku ikifika mtu asidanganyike. Mfenesi hutoa maua ya kiume na ya kike katika mti uleule, na mara nyingi yale ya kiume hutangulia. Ni vitu vya kijani vyenye umbo la kidole, na wasiojua huvidhani ni mafenesi madogo. Vikishamwaga chavua huota ukungu, huwa vyeusi, huanguka. Hapo ndipo mwenye mti hupiga kite na kusema mti huu ni tasa, unaangusha matunda, na panga likatolewa. Mti wenyewe haukuwa na kosa, ulikuwa ndio kwanza unajiandaa. Maua ya kike huja kwenye shina na matawi makubwa, na huko ndiko fenesi litakakoning'inia, kwani tawi dogo litabebaje tunda linaloweza kupita kilo thelathini?

Faida zake nazitaja kwa haraka, kwani si lengo la makala haya kuuza mifenesi. Mti uliokomaa huzaa makumi ya matunda kwa mwaka. Lililoiva ni tunda. Bichi hupikwa kama mboga, na walioacha nyama hulisifu sana. Mbegu huchemshwa au kuchomwa. Hebu fikirieni githeri yetu ya Alhamisi, ile ambayo fukusi ni wengi kuliko maharagwe, ikipata mbegu za fenesi! Mbao zake ni za manjano na mchwa hawazipendi. Huko Asia, vipande vya mti huo hutoa rangi ya manjano ambayo kwa karne nyingi watawa wa Kibudha wameitumia kutilia mavazi yao. Basi, yatosha.

Je, miparachichi itawekwa wapi? Swali hili ni la haki, na mwenye kupinga jambo sharti atoe njia. Napendekeza ule uwanja wa chini uliokuwa wa netiboli, ambao sasa hakuna anayeucheza. Una mteremko, maji hayatuami, na parachichi nalo halivumilii mizizi kukaa majini. Ule ugonjwa ulioua mti mama wa Hass hupenda udongo uliolowa. Nyuma ya jikoni, kwa upande mwingine, ndipo maji ya kuoshea sahani yanapomwagwa. Kila mtu anapajua palivyo siku za mvua. Miti yetu mitano imeachwa kwenye sehemu iliyoinuka, umbali wa hatua kumi kumi, na miparachichi michache tu ndiyo ingeweza kutoshea hapo. Kwa miche hiyo michache tunataka kutupa jasho la miaka miwili?

Sasa slasha. Walimu wetu waheshimiwa, hapa naandika kwa adabu zote. Mwanafunzi akichelewa gwaride hutumwa kufyeka. Akizungumza lugha asiyotakiwa siku asiyotakiwa, hutumwa kufyeka. Mtu aliyetumwa kufyeka kwa hasira haangalii anachokata; nyasi, mche, kiatu, vyote ni sawa kwake. Mifenesi mitatu ilikwenda hivyo, na kwa yakini hakuna aliyekusudia. Sisi tuliosalia na miti tulizungushia kila mmoja mawe na vijiti vilivyopakwa chokaa, na tangu hapo hakuna uliokatwa. Ningeomba jambo dogo zaidi: anayeadhibiwa apewe wakati mwingine jembe na ndoo badala ya slasha. Apalilie mti mmoja, aumwagilie, aone mwenyewe. Nafikiri atakuwa na kitu cha kukumbuka zaidi ya malengelenge.

Nasema hivi kwa sababu nchi yetu inapenda sana siku ya kupanda kuliko siku zinazofuata. Nilikuwa Kidato cha Kwanza tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilipotoa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 kabla ya mwaka 2032 kuisha. Hapa shuleni tulipanda vilevile. Picha zilipigwa, wageni wakapewa soda, miche ikatiwa ardhini kwa msitari ulionyooka kama askari. Nendeni mkaitazame leo. Mimi nilikwenda kuihesabu nikiandaa makala haya, na nilipomaliza kuhesabu nilikuwa sijamaliza vidole vya mkono mmoja. Hakuna aliyeing'oa. Ilikosa tu mtu wa kuirudia. Mifenesi yetu haikupigwa picha hata moja, lakini ilipata watu wa kuirudia, kila jioni, kwa zamu iliyoandikwa kwenye ubao wa chama, na mitano iko hai.

Tatizo ni kwamba watu hao tunaondoka. Mwezi wa Novemba tutakuwa tumemaliza mtihani na kufunga masanduku. Nyuma yetu watabaki Kidato cha Tatu, ambao ndio wa mwisho wa 8-4-4, na wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Hesabu yangu ni nyepesi. Mambo yakienda vizuri, mti wa kwanza unaweza kuzaa mwaka 2028, ambao ndio mwaka Gredi ya 10 wa leo watakuwa Gredi ya 12. Ukichelewa, watauonja watu ambao saa hizi wako shule ya msingi na hawajawahi kusikia jina la shule hii. Sisi tulioula utamu wa Kongowea hatutakuwepo. Nimewauliza wenzangu wa Kidato cha Nne kama jambo hilo linawauma. Mmoja alisema linamuuma sana. Mwingine akasema kuwa aliisha kula fenesi lake kwenye basi, na mbegu ni deni alilolipa.

Kwa uongozi wa shule ombi langu ni moja: mifenesi ipewe hadi mwaka 2032, muda uleule ambao taifa limejipa. Ikifika hapo haijazaa, au imezaa vibaya, nitakuwa mtu mzima, na nitakuja mwenyewe na panga.

Kwa Gredi ya 10 nina maneno zaidi. Chama hukutana Jumamosi saa nane katika darasa lililo karibu na maktaba, na huhitaji kuwa bingwa wa ngeli ili upewe zamu. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari kila mti upewe ndoo moja kila baada ya siku mbili, jioni, polepole, karibu na mawe na si kwenye shina. Majani makavu yarundikwe kuuzunguka mti lakini yasiuguse, maana mchwa hujificha humo. Mti wa tatu kutoka ghalani umeinamia upande wa jiko kwa sababu ya moshi. Msiunyooshe kwa kamba, utanyooka wenyewe ukipita paa. Chombo cha kumwagilia kiko ndani ya ghala la kuni, nyuma ya mlango. Mpini wake umekatika, kwa hiyo kishikeni kwa chini.